"Chai ina sumu": sentensi isiyokamilika

Alasiri moja ya likizo iliyopita nilikuwa nimeketi katika mkahawa mdogo ulio karibu na hospitali ya Msambweni, gilasi ya chai ya tangawizi na mahamri mawili mbele yangu, aliponijia mwalimu mmoja wa shule ya upili niliyesoma naye zamani. Mkononi alikuwa na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. "Daktari," akaniambia kwa mzaha, maana ajua vyema kuwa udaktari wangu hautibu mtu, "wewe kazi yako ni maneno. Wanafunzi wameniletea habari hii, wananiuliza kama ni kweli chai yetu ina sumu. Niwajibu nini?" Kabla sijafungua kinywa, mzee aliyekuwa akinywa chai ya rangi kwenye meza ya pili aliinua uso, akauliza swali lake mwenyewe: "Nani aliyeitia?"

Sikuwajibu vizuri siku hiyo. Nilisema maneno mawili matatu kuhusu magazeti na chumvi yake, tukacheka, chai ikaisha. Lakini maswali yale mawili yamekataa kuniacha, na makala haya ni jibu langu la kuchelewa.

Mimi si mkemia. Fani yangu ni isimu, na kazi yangu ya kila siku ni kuwafundisha vijana jinsi maneno yanavyobeba maana na jinsi yanavyoiangusha njiani. Hata hivyo, habari ya kemikali katika chakula humfikia mwananchi ikiwa imevaa maneno, na maneno hayo yakiwa mabovu, hata kipimo bora cha maabara hakimfai. Dai langu ni hili: sentensi "chai ina sumu" imekamilika kisarufi lakini haijakamilika kimaana. Haikamiliki mpaka ijazwe mambo manne: sumu gani, kiasi gani, kwa nani na kwa muda gani, na nani aliyepima. Mnywaji wa chai wa Kwale ana haki ya kuelezwa yote manne, na aghalabu haelezwi hata moja.

Neno na kitenzi chake

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kililipokea neno sumu kutoka Kiarabu, na kwa karne nyingi limetaja kitu kinachoua: sumu ya nyoka, sumu ya mshale, sumu ya panya. Sumu ya binadamu kwa binadamu mwenziwe hutiwa. Twasema fulani katiliwa sumu. Palipo na kutia pana mtiaji, na palipo na mtiaji pana kusudi. Ndiyo sababu mzee wa Msambweni hakuuliza ni kiasi gani. Aliuliza ni nani. Lugha ilimwelekeza huko. Na sisi tuliozaliwa Kwale twajua jinsi shaka isiyo na ushahidi inavyoweza kumgeukia jirani asiye na kosa.

Kemikali zinazotafutwa katika majani ya chai, kwa kawaida, hazina mtiaji wa namna hiyo. Yako mabaki ya dawa za kuua wadudu na magugu. Ziko metali nzito kama risasi, kadimi na aseniki, ambazo hutoka ardhini, katika mbolea au katika mitambo. Ziko kemikali zinazozaliwa na moshi wakati wa kukausha majani. Na yako yale ambayo mchai huyafyonza wenyewe kutoka udongoni, kama floraidi na alumini, na kuyalimbikiza katika majani yake. Majani makuukuu huwa na floraidi nyingi kuliko yale majani mawili na chipukizi ambayo wachumaji wetu hufundishwa kuchuma. Hapo utamshtaki nani? Mti?

Sasa tukitazame kitenzi. "Ina" hueleza kuwapo tu. Hakisemi wingi wala uchache. Bahari ya Hindi inayopiga ufuo wa Diani ina dhahabu iliyoyeyuka ndani yake, na hilo ni jambo la kweli kisayansi. Lakini hajapata kuonekana mtu aliyetajirika kwa kuchota ndoo ya maji pale. Tabibu wa Ulaya aitwaye Paracelsus, aliyefariki 1541, alifundisha kuwa kiasi ndicho kikifanyacho kitu kuwa sumu. Wahenga wetu waliongeza jambo la pili, yaani muda, waliposema haba na haba hujaza kibaba. Mafunzo hayo mawili yakiunganishwa, mtu amekwisha kupata nusu ya elimu ya kukadiria hatari.

Mfano hai tunao nchini. Mwaka 2004 mahindi yaliyoota kuvu yaliwaugua watu 317 mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao wakafariki. Wataalamu wa Kiswahili wameiita sumu hiyo sumukuvu, neno ambalo mimi hulisifu darasani kwa kuwa linajieleza. Katika mkasa ule kiasi kilikuwa kikubwa na mauti yakawa ya haraka. Lakini sumukuvu hiyo hiyo, ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huliharibu ini polepole bila ya kilio chochote kusikika kijijini. Kitu ni kimoja, neno ni moja, na hatari ni mbili tofauti.

Ndani ya maabara

Je, chai hupimwa vipi? Mpimaji huchukua majani makavu, huyasaga, na kuyaloweka katika viyeyusho vinavyozivuta kemikali zitoke. Kisha huchuja rangi na vitu vingine vinavyoizuia mashine kuona, maana chai ni mmea wenye mambo mengi ndani yake. Kimiminika kinachobaki hupitishwa katika mtambo unaozitenganisha kemikali moja moja na kuzitambua kwa uzito wa molekuli zake. Mitambo ya leo huweza kuona miligramu 0.01 ndani ya kilo nzima ya majani, yaani sehemu 1 kati ya milioni 100. Hapa pana funzo kubwa: kadiri jicho la mashine linavyokuwa kali, ndivyo vitu vingi zaidi "vinavyokuwa na sumu", ingawa vyenyewe havikubadilika hata chembe.

Isitoshe, sisi hatuli majani. Twanywa maji yaliyopita katikati ya majani. Dawa ya zamani ya DDT haipendi maji, kwa hiyo sehemu yake kubwa hubaki katika makapi tunayoyamwaga. Dawa mpya kama imidakloprido huyeyuka majini kwa wepesi, na sehemu kubwa yake huingia kikombeni. Hivyo vipimo viwili vya majani vinavyotoa tarakimu sawa vyaweza kuwa na maana mbili kwa mnywaji. Tena yafaa tujiulize kuhusu mapishi. Aghalabu chai ya utafiti hutengenezwa kwa kumimina maji ya moto juu ya majani kwa dakika chache. Huku kwetu tunayachemsha majani, maziwa, sukari na tangawizi katika sufuria moja mpaka vitokote, na mafuta ya maziwa huweza kuvuta kile ambacho maji matupu yasingekivuta. Chai yetu yastahili kupimwa kama tunavyoinywa sisi.

Baada ya kipimo huja kazi ya pili, nayo ndiyo inayosahauliwa: kukadiria hatari. Wataalamu hutafuta kiasi ambacho hakikumdhuru mnyama wa majaribio hata alipokila siku zote. Kiasi hicho hukigawanya kwa 100, yaani mara 10 kwa sababu binadamu si panya, na mara 10 nyingine kwa sababu wanadamu hawalingani wao kwa wao. Kisha hukilinganisha na kiasi ambacho mtu hukipata kwa kila kilo ya mwili wake. Kikombe kile kile anachokunywa mtu mzima wa kilo 60, kikinywewa na mtoto wa kilo 12, humpa mtoto huyo mzigo wa mara 5. Ndiyo maana swali la "kwa nani" haliepukiki.

Nichukue mfano mmoja ambao walimu wa kemia na hisabati waweza kuutumia darasani. Katika viwanda vingi vya chai vya Kenya kuni huwashwa ili kupata joto la kukaushia majani. Mabomba yakivuja, moshi hukutana na majani na kuacha kemikali iitwayo anthrakwinoni. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya uliweka ukomo wa kemikali hiyo katika chai kuwa miligramu 0.02 kwa kilo. Chai inayopita hapo hukataliwa, na gazeti huandika kuwa chai ina sumu.

Haya, tupige hesabu. Mtu anayetumia gramu 10 za majani kwa siku humaliza kilo 1 kwa siku 100. Ikiwa majani hayo yamefika kwenye ukomo wenyewe, na ikiwa kemikali yote imeingia kikombeni, atakuwa amekunywa miligramu 0.02 kwa siku 100. Ili apate gramu 1 tu, atahitaji kilo 50,000 za majani, na zitamchukua zaidi ya miaka 13,000. Je, ukomo huo umetokana na hesabu ya mahali ambapo madhara huanza? La. Uliwekwa pale ambapo mashine za kawaida zaweza kuona kwa uhakika. Kwa vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani wataalamu huogopa kutaja kiasi kisichodhuru, kwa hiyo husema kipungue hadi mwisho wa uwezo wa jicho. Hiyo ni hadhari njema, nami naiunga mkono; kiwanda kinachovuja moshi na kizibe mabomba yake. Lakini kuvuka mstari wa hadhari ni jambo moja, na kumtilia mtu sumu ni jambo jingine, ingawa lugha ya vichwa vya habari huyafanya yawe mamoja.

Mizani mbili

Msomaji asidhani kwamba naitetea chai kwa kuwa naipenda. Hapa ndipo malalamiko yangu yanapoanza.

Kenya huzalisha zaidi ya kilo milioni 500 za chai kwa mwaka, na sehemu ndogo sana, yapata 5 kwa 100, ndiyo inayonywewa hapa nchini. Iliyobaki huja huku kwetu pwani. Mnada wa chai ulioanzishwa Nairobi 1956 ulihamia Mombasa 1969, na mpaka leo chai ya nchi kadhaa za Afrika huuzwa hapo. Kwale haioti chai. Udongo wetu ni wa minazi, mikorosho na miwa. Sisi ni wanywaji tu. Chai hutupita kwenye mlango wa bahari, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, ikielekea Pakistan, Misri, Uingereza na bandari ya Hamburg, na baadhi ya wanunuzi huko hawaipokei bila karatasi ya maabara iliyotaja kemikali moja moja. Mnywaji wa Ukunda anayenunua kijipakiti cha shilingi 10 haoni karatasi yoyote.

Sidai kuwa chai ya madukani haipimwi. Nadai kuwa mnywaji haonyeshwi matokeo. Miaka kadhaa iliyopita niliiandikia ofisi moja ya umma barua kwa Kiswahili, nikiomba kujua chai inayouzwa katika maduka ya Kwale imepimwa kemikali zipi na matokeo yalikuwaje. Baada ya miezi mitatu nilijibiwa kwa Kiingereza, katika mistari miwili, kwamba bidhaa zote zilizoidhinishwa zimekidhi viwango. Naomba msomaji aipime sentensi hiyo kama mwanaisimu. Viwango gani? Vya nani? Nani aliyepima, lini, akapata nini? "Chai imekidhi viwango" ni ndugu pacha wa "chai ina sumu". Moja hutisha na nyingine hubembeleza, na zote mbili hazina kiasi, hazina mpimaji.

Kwamba viwango vyaweza kuwa mizani mbili si siri. Mwaka 2014 shirika la Greenpeace lilipima sampuli 49 za chai ya pakiti zilizonunuliwa nchini India. Sampuli 46 zilikuwa na mabaki ya dawa moja au zaidi, na sampuli 29 zilivuka ukomo wa Ulaya kwa angalau dawa moja. Bodi ya chai ya nchi hiyo ilijibu kwamba chai ile ilitimiza sheria za India. Pande zote mbili zilikuwa zikisema kweli, kila mmoja kwa mizani yake. Aliyebaki katikati, asijue ashike lipi, ni mnywaji. Wakulima wetu hujivunia kuwa chai ya nyanda za juu za Kenya hukua bila dawa nyingi za wadudu, nami sina sababu ya kuwabishia. Lakini sisi tunaotoka katika nchi ya minazi twajua kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa hulindwa kwa kupimwa, tena hadharani.

Sukari, na chai ya aina nyingine

Chai hainywewi peke yake. Juni 2018 Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, alilitangazia taifa kwamba sukari ya magendo iliyokamatwa ilikuwa na zebaki na shaba. Nchi nzima ilishtuka. Nakumbuka mikahawa ya Ukunda ambako wateja waliomba chai isiyotiwa sukari. Haukupita muda waziri mwenzake wa viwanda na biashara akawaambia wabunge kuwa vipimo havikuonyesha zebaki. Serikali moja, sukari moja, kauli mbili. Kamati ya Bunge ilichunguza na kuandika ripoti. Agosti mwaka huo Bunge likaikataa, na papo hapo zikazuka tuhuma kuwa baadhi ya wabunge walipewa fedha ili waiangushe.

Wakenya wana jina la fedha ya namna hiyo. Huiita chai. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu jinsi jina la kinywaji cha ukarimu lilivyogeuka kuwa jina la hongo, nao hujibu wakicheka kwamba aombaye hongo huona haya, basi huomba "ya chai". Sitaki kumhukumu mtu kwa tuhuma ambazo hazikuthibitishwa. Nataka tuone kilichotokea kwa mnywaji. Mpaka leo, mwananchi wa kawaida hawezi kusema kama sukari aliyoikoroga katika kikombe chake 2018 ilikuwa na zebaki au haikuwa nayo, na kama ilikuwa nayo, ni kiasi gani. Tulipewa hofu, kisha tukapewa faraja, lakini tarakimu hatukupewa.

Kuna watakaosema kuwa hayo ni makelele ya magazeti na kwamba hakuna aliyekufa. Nitawaomba wavuke kivuko nami mpaka mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Kuanzia 2007 hadi 2014 palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na risasi yake iliingia hewani, majini na katika damu za watu. Mama mmoja aliyefanya kazi hapo, Phyllis Omido, alibaini kuwa mtoto wake mchanga alikuwa na risasi mwilini, naye akaanza kuuliza maswali ambayo wenye mamlaka walipaswa kuyauliza kabla yake. Alitunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman 2015. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitangua amri hiyo 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Zingatia mpangilio wa miaka hiyo. Risasi haihitaji miaka 17 kumdhuru mtoto. Shirika la Afya Duniani halitambui kiasi chochote cha risasi kuwa salama kwake. Kilichochukua miaka 17 ni maneno.

Kikombe cha Kwale

Basi turudi kwenye kikombe chetu, tukitazame kwa utulivu. Ndani yake mna majani, maji, sukari, na kitu kimoja zaidi kisichotajwa na mtu: sufuria. Uchunguzi wa masufuria yaliyosubiwa kwa alumini ya vyuma chakavu nchini Kameruni, uliochapishwa 2014, ulionyesha kuwa risasi hutoka katika chombo na kuingia katika kinachopikwa. Masufuria ya kusubiwa yanauzwa katika masoko yetu pia. Huenda mzigo wa risasi katika chai ya nyumba fulani ya Msambweni ukawa unatoka jikoni wala si Kericho. Sijui, na hakuna ajuaye mpaka pawe na mtu wa kupima.

Kadhalika pana joto. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliviweka vinywaji vya moto mno, vinavyopita nyuzi 65, katika kundi la vitu vinavyoelekea kuleta saratani kwa binadamu, hasa ya umio. Anthrakwinoni imewekwa katika kundi la chini yake, la vitu vinavyoweza kuleta saratani. Makundi hayo hupima uzito wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari. Hata hivyo, ni jambo la kutafakari kwamba mtu anaweza kuikimbia chai kwa hofu ya moshi, kesho akameza uji unaotokota.

Tena chai iliyo safi kabisa, isiyo na kichafuzi hata kimoja, huuzuia mwili kufyonza vyema madini ya chuma yaliyo katika mboga na nafaka ikinywewa pamoja na chakula. Katika eneo ambalo malaria, minyoo na kichocho huwapunguzia watoto na mama waja wazito damu, ushauri wa kusubiri saa moja baada ya mlo una faida ya hakika kuliko hofu ya kemikali isiyo na kipimo. Lakini ushauri huo hauna kichwa cha habari. Hauna mtiaji wa kulaumiwa.

Tufanye nini?

Katiba ya 2010, kifungu cha 46, humpa mtumiaji haki ya kupata habari azihitajizo na ya kulindwa afya yake. Kifungu cha 35 humpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Na kifungu cha 7 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Ukivisoma vifungu hivyo vitatu kwa pamoja, utaona kuwa matokeo ya maabara yaliyofungiwa kabatini, au yaliyoandikwa kwa lugha ambayo mama muuza mahamri haisomi, hayajatimiza Katiba hata yakiwa sahihi.

Ninapendekeza mambo mawili. La kwanza, kila chombo cha umma kinachopima chakula kinachouzwa nchini, likiwamo shirika la KEBS na ofisi ya Mkemia wa Serikali, kichapishe kwa Kiswahili majibu ya yale maswali manne, hata pale ambapo hakuna baya lililopatikana. Habari njema isiyotangazwa huiachia nafasi habari mbaya ya uongo. La pili, Serikali ya Kaunti ya Kwale, ambayo Katiba imeikabidhi usimamizi wa wauza chakula, iwatume maafisa wake wa afya ya umma wachukue sampuli za majani, sukari na masufuria katika maduka ya Ukunda, Msambweni, Kinango na Lunga Lunga, na wazipeleke kwenye maabara za Mombasa. Hatuhitaji kujenga maabara mpya. Zilizopo ziko ng'ambo ya maji.

Nitaambiwa kuwa vipimo ni ghali, na kwamba kutangaza matokeo kutawatia watu hofu na kuwaumiza wakulima wadogo wanaoishi kwa chai, ambao ni zaidi ya 600,000. Hoja hiyo ina uzito, wala siipuuzi. Mkulima wa Kericho au Nyeri hana kosa kwa bomba la kiwanda. Lakini ni lini ukimya ulimlinda? Mwaka 2018 hatukuwa na tarakimu za sukari, na hofu ilienea vile vile. Kinachomlinda mkulima mwaminifu ni kipimo kinachomtenga na mwenzake asiye mwaminifu. Pasipo kipimo wote huingia gunia moja.

Kwenu walimu wenzangu, kazi yetu haingoji bajeti. Mwanafunzi akileta darasani habari kwamba chakula fulani kina sumu, tusimwambie anyamaze wala tusimwambie akiache chakula hicho. Tumwandikie ubaoni maswali manne, kisha tumwache aichambue habari mwenyewe: ni sumu gani, ni kiasi gani, ni kwa nani na kwa muda gani, nani aliyepima. Mwalimu wa Kiswahili aanze na sentensi, wa kemia aendelee na kipimo, wa hisabati amalize na hesabu.

Na wewe mwalimu uliyenijia Msambweni na kipande cha gazeti, waambie wanafunzi wako wanywe chai yao, waiache ipoe kidogo, wasiinywe pamoja na ugali, na wasiache kuuliza. Mzee wetu wa meza ya pili, nikijaaliwa kumkuta tena, nitamnunulia gilasi na kumweleza kuwa swali lake halikuwa baya. Lilihitaji kubadilishwa neno moja tu. Badala ya kuuliza ni nani aliyeitia, tuulize ni nani aliyeipima, na mbona hajatuambia alichokiona.